Punda Kwenye Meza ya Tembo

SEHEMU YA SABA

Sauti iliyomwita nyuma ya mgongo ilikuwa ya Lyle Cagle. Kati ya watu wote wa Kata ya Nne, Lyle Cagle!

Ardelle Pettway hakugeuka. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, kwenye mstari wenye jina lake, ndani ya daftari la chama cha Tembo. Yeye, binti wa Bi Vashti Pettway. Bi Vashti aliyesimamia kata ile miaka kumi na sita kwa tiketi ya chama cha Punda. Ardelle aliyezaliwa Punda, akanyonyeshwa Punda, akabatizwa Punda. Leo yuko meza ya Tembo, mchana kweupe, na watu wanaona.

"Ardelle! Umepotea, dada? Meza yenu si ile kule?"

Akasaini haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akageuka, tayari kwa aibu.

Lyle alikuwa hatua nane kutoka alipokuwa yeye. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Punda. Naye alikuwa na kalamu mkononi.

Lyle Cagle, mpwa wa Bwana Royce Stegall! Yule aliyebandika picha za mjomba wake na za Tembo kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia mtoni hadi kiwanda cha mbao!

"Na wewe je?" Ardelle akauliza.

Lyle akaitazama ile kalamu kana kwamba kuna mtu amempachikia.

"Mimi... nimebadilika moyo."

"Hata mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Wewe?"

"Baada ya chakula cha mchana."

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akachukua karatasi yake ya kura, akaingia kwenye kituturi chake, akafanya alilokuja kufanya.

Msomaji unakumbuka alilokuja kufanya Ardelle. Huku Mississippi siku ya mchujo wa wagombea hakuna anayekuuliza wewe ni wa chama gani. Meza ziko mbili ndani ya ukumbi mmoja, na kituo cha Kata ya Nne ni banda la zimamoto, gari likisukumwa nje juani kupisha demokrasia. Unachagua meza, unasaini, unapiga kura. Basi Ardelle akajiuliza: kwa nini mama yake apambane na Royce Stegall kwenye uchaguzi wenyewe wa Novemba, mtu mwenye akili na trekta tatu, wakati Punda wanaweza kwenda kimya kimya kwenye meza ya Tembo na kuwachagulia mgombea dhaifu?

Na dhaifu alikuwepo. Harlan Tibbs!

Harlan alikuwa amekwenda ofisi za kaunti mwezi Januari kuomba kibali cha kuchoma majani. Miwani aliisahau nyumbani. Akajaza fomu aliyoiona mbele yake, akalipa dola mia, akarudi kwake akilalamika kwamba serikali imekuwa ghali hata kwa majani. Wiki mbili baadaye akasikia redioni kwamba yeye ni mgombea wa chama cha Tembo. Alipokwenda kujitoa, muda wa kujitoa ulikuwa umepita, na orodha ya wagombea imeshafungwa.

Tangu siku ile Harlan hakupumzika. Hata sasa Ardelle alipotoka nje alimkuta amesimama kwenye jua la Agosti, futi mia na hamsini kutoka mlangoni kama sheria inavyotaka, ameshika bango aliloliandika kwa mkono: TAFADHALI MSINIPIGIE KURA.

"Bi Ardelle," akasema, jasho likimtiririka, "utanisaidia, sivyo? Hukunipigia?"

"Mimi nipige kura ya Tembo, Bwana Harlan?"

"Hewala. Mungu akubariki. Nina ng'ombe mimi. Sina nafasi ya kuwa kiongozi."

Ardelle akaenda garini kwake akakaa, macho yakimwasha. Mtu mzima kumdanganya mtu mwema kiasi kile! Lakini alikuwa amemfikiria mama yake tu. Bi Vashti alikuwa na miaka sitini na saba na goti bovu. Miaka minne iliyopita alitembea kata nzima nyumba kwa nyumba, na Ardelle ndiye aliyemkanda lile goti kila jioni kwa mafuta ya kafuri. Hakutaka kuona Novemba nyingine kama ile. Hakutaka mama yake ashindwe, akae barazani, azeeke kwa wiki moja.

Mama mwenyewe hakuambiwa. Ukimwambia Bi Vashti jambo kama lile anakuombea mbele ya wageni.

*

Saa moja jioni, jua bado likichoma, milango ya kituo ikafungwa. Mashine za kura zikatema utepe wa matokeo. Saa moja na nusu mkuu wa kituo, Bi Maxine Purvis, akatoka nje na karatasi mbili na gundi. Nusu ya kata ilikuwa imejaa uwanjani na sahani za kambare wa kukaanga.

Kila chama kilikuwa na wagombea watatu. Wa tatu wa kila upande walikuwa watu wema wasiotuhusu, walioambulia karibu kura mia kila mmoja.

Bi Maxine akabandika matokeo ya Tembo kwanza.

"Harlan Tibbs, mia mbili na moja! Royce Stegall, mia moja kumi na nane!"

"Nini?" akapiga kelele Harlan Tibbs. Bango likamwanguka.

Ardelle moyo ukamlipuka kwa furaha, kisha ukasita. Mia mbili? Yeye alituma watu arobaini. Arobaini tu, wote wa kanisa la Mlima Nebo, wote walioapa hawatamwambia mtu.

Akageuka kumtafuta mama yake wa ubatizo, Bi Odessa, aliyekuwa karani wa meza ya Punda kutwa nzima.

"Godmama, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu," akasema Bi Odessa. "Nilimwambia Pearline tu, kwa siri. Na kwaya."

Bi Maxine alikuwa ameshapaka gundi karatasi ya pili.

"Na kwa upande wa Punda! Cleotis Bogan, mia moja tisini na sita!"

Uwanja mzima ukaanza kusema kwa pamoja.

Mzee Cleotis Bogan alikuwa kinyozi wa miaka themanini na moja. Aligombea kila baada ya miaka minne, na ahadi yake ilikuwa moja: kurudisha treni ya abiria iliyoacha kusimama pale mwaka 1958. Alikuwa hajawahi kuvuka kura tisa. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kambare kinywani, hawezi kutafuna.

"Vashti Pettway," Bi Maxine akamalizia, sauti ikipungua, "mia moja na nne."

Mia moja na nne! Mama yake! Mwanamke aliyetia lami barabara ya kanisa, aliyesimamisha daraja la Kijito cha Pembe! Ardelle alihisi ardhi ikiyumba. Akamwona Lyle kando ya gari la zimamoto, amekuwa mweupe kama karatasi ya kura. Akamfuata mbio.

"Ni nyinyi!" akamwambia. "Mmekuja kwenye meza yetu mkampigia Mzee Cleotis ili mama yangu aanguke!"

"Na Harlan je? Harlan amepigiwa na malaika?"

"Huo ni uhuni, Lyle!"

"Uhuni ni wa nani? Mimi nimeiona kwaya nzima ya Mlima Nebo kwenye foleni yetu! Wamekula na keki yetu!"

"Na wawindaji wa kulungu kwenye foleni yetu walikuwa wanatafuta kulungu?"

Wangeendelea mpaka kiyama, lakini Bi Maxine alipiga kengele ya zimamoto.

"Sikilizeni! Hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Kwa hiyo pande zote mbili zina marudio, baada ya wiki tatu. Cleotis na Vashti huku, Harlan na Royce kule."

Ardelle akavuta pumzi. Marudio! Basi mama hajaanguka. Wiki tatu zinatosha. Watu wa Mlima Nebo watarudi meza yao, watampigia Bi Vashti, na mambo yatakwisha.

"Na niwakumbushe sheria," akaendelea Bi Maxine, "maana kila mwaka kuna wanaojitia hawajui. Uliposaini leo ndipo utakaposaini siku ya marudio. Aliyesaini Tembo leo haruhusiwi kwenda meza ya Punda. Aliyesaini Punda haruhusiwi kwenda meza ya Tembo. Daftari ninalo mimi."

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa shemeji yake Bi Vashti.

"Maxine, sijakuelewa. Mimi siwezi kumpigia Vashti?"

"Ulisaini wapi leo?"

"Tembo."

"Basi huwezi."

"Lakini nimemuoa dada yake!"

"Hongera. Huwezi."

"Na mimi?" akauliza Pearline, kiongozi wa kwaya.

"Wewe ulisaini Tembo, ukaomba na kipande cha pili cha keki. Nilikuwepo."

"Na mimi siwezi kumpigia Royce?" akadakia mwenyekiti wa wawindaji. "Mimi nimempa Royce mbwa!"

"Mmesaini Punda, nyote kumi na tisa, mmevaa na kofia zenu. Siku ya marudio nitawaona hapo hapo."

Ikaingia vichwani polepole, kama maji kwenye mchanga. Punda ndio watakaomchagua mgombea wa Tembo. Tembo ndio watakaomchagua mgombea wa Punda. Kati ya wote waliovuka, hakuna atakayempigia kura mtu wake.

Ardelle akaketi kwenye ngazi ya gari la zimamoto. Hata yeye mwenyewe. Hata yeye, binti wa kumzaa, hawezi kumpigia mama yake kura.

Lyle naye akaketi, wakabaki wameachiana nafasi ya mtu mmoja. Walisoma darasa moja tangu la kwanza mpaka la kumi na mbili, na hawakuwahi kukaa karibu kiasi kile.

"Sikiliza," akasema Lyle kwa sauti ya chini. "Watu wangu wako kwako. Watu wako wako kwangu. Kama wangu wakimpigia mama yako, na wako wakampigia mjomba..."

"Unataka niwaombe Punda wamchague Royce Stegall? Wamchague kwa moyo?"

"Na mimi niwaambie Tembo wamchague Bi Vashti. Unadhani ni nani atapigwa mawe kwanza?"

Ardelle alitaka kucheka, akajikuta analia. Lyle akampa leso ya karatasi yenye mafuta ya kambare.

"Kuna jambo jingine," Lyle akasema. "Baadhi ya watu wangu... sijui niseme vipi. Walikwenda kumpigia Mzee Cleotis kwa mzaha. Lakini wamekaa naye kutwa kwenye foleni, akawaeleza. Sasa wanaitaka ile treni."

*

Jumatano asubuhi Bi Vashti alikuwa jikoni, anakanda unga wa biskuti. Alikuwa amesikia matokeo. Kata nzima ilikuwa imempigia simu, isipokuwa mwanawe mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu.

"Mama, nina la kukuambia."

"Nawa mikono kwanza."

Ardelle akanawa. Akasema yote: Harlan, watu arobaini, kwaya, kalamu, meza ya Tembo. Alisema akiutazama unga, kwa kuwa uso wa mama yake hakuuweza. Alipomaliza, mikono ya mama ilikuwa bado kwenye unga, ikipiga na kukunja, ikipiga na kukunja.

"Nilijua," akasema Bi Vashti.

"Ulijua?"

"Odessa alinipigia simu jana saa kumi. Dhamiri ilimuuma, na keki ilikuwa imemwishia."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Ulikuwa umeshasaini. Nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe, dakika kumi kabla ya kufunga. Nyinyi mlikuwa uani mnagawana kambare. Maxine akanifungulia daftari." Bi Vashti akachukua bilauri, akaanza kukata biskuti za mviringo. "Daftari la Tembo."

Ardelle alidhani amesikia vibaya.

"Lipi?"

"Umelisikia. Jina lako lilikuwa hapo, limesainiwa, na langu linafuata. Nikasaini chini yako, mwanangu."

"Mama! Ukampigia Harlan?"

"Nilimpigia Royce Stegall. Nyumba hii ilikuwa imetoa kura moja ya uongo, na mimi nilikuwa na kura moja tu ya kuifuta."

"Lakini... basi hata wewe... siku ya marudio..."

"Hata mimi siwezi kujipigia. Ndiyo." Akazipanga biskuti kwenye sinia, moja moja, kama anayelaza watoto kitandani. "Ulitaka kuniokoa na nini, Ardelle?"

"Na kushindwa."

"Nani alikuambia kushindwa kunaua?"

Kabla Ardelle hajajibu, gari likaingia uani. Milango miwili ikafunguka. Lyle alitangulia, kofia mkononi. Nyuma yake, amevaa tai saa mbili asubuhi, alikuja Royce Stegall mwenyewe!

Miaka kumi na sita mtu yule hakukanyaga uani pale. Waligombana na Bi Vashti kwa ajili ya daraja la Kijito cha Pembe, yeye akitaka lipite mashariki, Bi Vashti magharibi, na hawakusalimiana tena hata msibani.

"Bi Vashti."

"Bwana Stegall. Kahawa?"

"Kama ipo."

"Hii ni nyumba, si ofisi. Ipo."

Wakakaa. Royce akazungusha kikombe mara tatu kabla hajasema.

"Sitazunguka. Vijana wetu wametutia kwenye shimo. Mimi nina watu arobaini na watano waliosaini meza yenu na bado wananisikiliza. Nikiwaambia wakupigie, watakupigia, wakinung'unika. Lakini nina sharti moja. Leo jioni Mlima Nebo wana ibada ya Jumatano. Usimame pale mbele, uwaambie watu wako wanipigie mimi."

"Nikuombee kura. Kanisani kwangu."

"Kanisani kwako. Maana wao ndio wapiga kura wangu sasa." Akatoa kicheko kisichokuwa na furaha. "Na unisamehe, lakini watu wenyewe ni wale wale walionihujumu jana. Sikuona hata mmoja wenu aliyenitendea haki."

Bi Vashti akamwongezea kahawa.

"Mmoja alikupigia," akasema.

"Nani?"

"Mimi."

Kikombe cha Royce kilitua mezani kwa kishindo, kahawa ikamwagikia tai. Lyle alimtazama Ardelle. Ardelle akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ni kweli, hata mimi nimezimia mara moja.

"Wewe?" akasema Royce. "Wewe, Vashti?"

"Mimi. Na sikukupa sharti."

Royce Stegall akawa mwekundu kuanzia kwenye kola mpaka kipara. Akafuta tai. Akafuta meza. Akafuta mahali pasipokuwa na kahawa.

"Mimi nilimpigia Cleotis," akasema mwishowe, sauti ndogo kama ya mwanafunzi. "Nilisaini kwenu saa tatu asubuhi. Lyle alisema ni mkakati."

"Mjomba!" akalia Lyle. "Tulikubaliana wewe ujipigie!"

"Ungeniambia mapema!"

"Kwa hiyo hata wewe huwezi kujipigia," akasema Bi Vashti.

"Siwezi."

Wazee wale wawili wakatazamana juu ya sinia la biskuti. Ardelle aliona midomo ya mama yake ikicheza. Kisha ya Royce. Kisha wakacheka, wakacheka mpaka Royce akashika ubavu na Bi Vashti akashika goti, na wale vijana wawili wakabaki wamesimama kama walioachwa na basi.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema Bi Vashti, akipangusa machozi kwa aproni. "Haya, Royce. Sharti lako nimelikubali. Kanisa langu litaombwa likupigie kura, leo jioni. Ila atakayesimama si mimi."

Akamgeukia mwanawe. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Atasimama aliyewapeleka kule."

*

Ardelle angeweza kupanga watu mia kwa simu. Kusimama mbele ya watu kumi hakuweza. Akiwa na miaka tisa alisahau mstari mmoja katika mchezo wa Krismasi, na mpaka leo akiona nyota ya karatasi anavuka barabara.

Saa kumi na mbili jioni Mlima Nebo ilijaa mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya mahubiri. Mchungaji aliliona hilo, akakata sala katikati.

"Dada Ardelle ana neno," akasema, na akaketi haraka.

Alitembea mpaka mbele. Benchi la kwanza alikaa Bi Vashti, kofia yake ya zambarau kichwani, mikono juu ya pochi. Hakutabasamu wala hakukunja uso.

"Mimi ndiye," Ardelle akaanza. Waliokaa nyuma hawakusikia. Akajaribu tena. "Mimi ndiye niliyewaambia mwende kule. Mama hakujua. Niliona nina akili kuliko kura. Nimemkosea mama, nimewakosea nyinyi, na... na nimemkosea Bwana Harlan, kwa sababu alituomba kwa adabu na hatukumsikia."

"Sema, mwanangu," mtu akaitikia nyuma.

Ardelle akasogea hatua moja mbele.

"Hatuwezi kurudi meza yetu. Lakini kule tulipo, tunaweza kupiga kura ya kweli. Kwa hiyo nawaomba..." Akafumba macho. "Nawaomba mumpigie Royce Stegall."

Feni za karatasi za mkononi zikasimama hewani.

"Eti nani?" akauliza Pearline.

"Royce Stegall. Ndiye wanayemtaka watu wake wenyewe. Na yeye amesema..."

"Ngoja, ngoja kidogo." Bi Odessa alikuwa amesimama, na alikuwa na uso wa mtu aliyekula keki ya mwenzake. "Ardelle, mwanangu, ungeniambia kabla. Mimi nimeshakuja na mgeni."

Akasogea pembeni. Nyuma yake, kwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alikuwa Harlan Tibbs!

"Jioni njema," akasema Harlan. "Mimi sitachukua muda. Nilikuwa naomba kibali cha kuchoma majani, mnajua wote. Kutwa nzima jana niliwasihi watu wasinipigie. Halafu watu mia mbili na moja wakanipigia." Akameza mate. "Mimi sijawahi kupata watu wawili wakubaliane na mimi, hata kwamba mvua inanyesha. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia mke wangu, Lurleen, labda kuna jambo wameliona kwangu. Akaniambia, labda. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kuniambia labda."

Kicheko kikapita kanisani, cha upole.

"Bi Odessa ameniuliza kama ningepata kazi ile ningefanya nini. Nikamwambia sijui. Barabara sizijui, madaraja siyajui. Ningewauliza nyinyi mnaopita juu yake. Ndiyo hivyo tu. Nimekuja kuwaambia nimefikiri upya. Naitaka kazi hii."

"Amina!" akapiga kelele shemeji yake Bi Vashti, yule yule aliyemuoa dada yake.

"Huyo hajawahi kutudanganya hata siku moja!" akasema Pearline.

"Hata akiwa mgombea!" mwingine akadakia.

Makofi yakaanza benchi la nyuma, yakaja mbele kama mvua juu ya bati. Kanisa la Bi Vashti Pettway, watu aliowazika wazazi wao na kuwashikia watoto wao wakibatizwa, walikuwa wanampigia makofi mgombea wa Tembo. Mgombea dhaifu. Mgombea aliyechaguliwa na Ardelle mwenyewe, ili mama yake apate Novemba nyepesi.

Harlan akainua mkono, macho yamemlowa.

"Na Bi Vashti, bi," akasema kwa heshima zake zote, "mimi nakupenda sana, lakini kwa hali hii naona Novemba nitakushinda."

Ardelle alibaki mbele, mikono imening'inia. Kila alichokitengeneza kilikuwa kimefanya kazi, na hapo ndipo ilipokuwa balaa. Akamtafuta mama yake kwa macho, kama mtoto aliyesahau mstari.

Bi Vashti alikuwa ameshasimama. Goti lilimsumbua, lakini hakushika benchi. Alimpita Harlan, akamgusa bega, akafika mbele.

"Kaketi, mwanangu," akasema. "Umesema vizuri."

Kisha akainua mikono miwili. Akachomoa pini moja, akachomoa ya pili, na mbele ya kanisa zima akaivua kofia yake, akaiweka juu ya meza ya sadaka.

Makofi yakakatika. Katika miaka arobaini na mitatu hakuna mtu wa Mlima Nebo aliyewahi kumwona Bi Vashti Pettway kichwa wazi kanisani. Hata mpiga kinanda aliondoa vidole.

ITAENDELEA